Taa ya Hodi

Mimi ni fundi simu. Nina kibanda karibu na stendi ya Bagamoyo, na ndani yake mna meza, kiti kimoja, na hasira ambazo wateja wangu wamekwisha kuzizoea. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba nilimtengenezea baba yangu taa inayojiwasha yenyewe mgeni akifika mlangoni, huanza kuniombea dua na kusema watoto wa namna yangu wameadimika. Wasiniombee. Wasikilize kwanza.

Baba yangu alikuwa na duka la misumari, kamba na rangi, hapa hapa mji mkongwe. Magoti yalipomshinda alilifunga, akahamia kwenye kiti chake cha chumba cha ndani, na dunia yake ikabaki mimi, redio, na rafiki mmoja wa Zinga. Huyo rafiki mimi namwita ami, ingawa hatuna udugu. Ni mkulima wa muhogo na machungwa. Walijuana zamani sana, alipokuja dukani kununua misumari ya inchi nne akapewa ya inchi tatu, wakagombana mpaka wakawa marafiki. Kila Ijumaa ami alikuja mjini kusali, na baada ya Alasiri alipita kwetu kunywa kahawa. Alikuja mvua ikinyesha. Alikuja hata Ijumaa ya kwanza baada ya kumzika mkewe, akakaa, akanywa vikombe viwili, akaondoka bila kusema neno, na baba akaniambia kwamba hayo ndiyo mazungumzo mazuri kuliko yote waliyowahi kuwa nayo.

Kisha akaacha kuja.

Habari nilizipata kwa jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, mama mmoja mfuga mbuzi. Mimi mchana kutwa niko kibandani, sijui yanayopita nyumbani.

"Shoga, baba yako ana nini siku hizi?" aliniuliza. "Yule mzee wa Zinga kaja hapo Ijumaa tatu. Kapiga hodi, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Kaondoka zake na kikapu chake. Ijumaa hii ndo hata hakuonekana."

Hodi kwetu ni tatu. Anayepiga ya nne ni askari au hana adabu, na ami hakuwa askari. Akipiga tatu asijibiwe, mtu mzima hugeuka akaenda zake, na moyoni ameshaelewa kwamba hatakiwi.

Nikajua mara moja: masikio. Baba amekuwa kiziwi. Ushahidi ulikuwa tele. Jioni nikirudi namwita toka ukumbini, haitiki. Namwita tena, haitiki. Nikimfikia na kusema kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, anafumba macho na kurudisha kichwa nyuma, nami nikaona hiyo ndiyo dalili ya mtu anayejitahidi kusikia. Nilimpandishia sauti ya redio. Nilipokuta ameishusha nikasema maskini, hata vitufe vinampotea, nikaipandisha tena.

Kumwambia mzee wa heshima zake kwamba masikio yamekwisha, hilo haliwezekani. Nilimwambia tu, kwa kelele, "Baba! Ami alikuja akapiga hodi, hakujibiwa!"

Akanitazama kwa muda. "Mwache," akasema. "Kama hataki kuingia kwangu, basi."

Nikaona amechanganya mambo, nikaenda zangu jikoni.

Lakini kila Ijumaa baada ya Alasiri aliendelea kuvaa kanzu safi, akateleka kahawa kwenye jiko la mkaa, akaweka vikombe viwili kwenye sinia. Mimi nikirudi wakati wa Magharibi nakuta kimoja kimenyweka na kingine kimejaa, kimepoa. Alianza kuacha chakula. Shingo yake ikawa nyembamba ndani ya kola. Niliona kabisa kwamba asipompata rafiki yake atazimika mbele yangu polepole, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Nilimpigia ami simu. "Haloo!" akasema. "Haloo! Nani? Haloo!" Akakata. Nilipiga mara tatu, na mara tatu ikawa haloo hizo hizo. Mimi kama fundi nikatoa uamuzi wa kitaalamu kwamba mtandao wa Zinga ni mbovu.

Mtu mwingine angekwenda Zinga kesho yake. Mimi nilikwenda Kariakoo.

Nilikuwa nimeshaona kwenye video za mtandaoni jinsi watu wanavyojitengenezea nyumba zinazojiwashia taa zenyewe. Nikarudi na vibao viwili vya elektroniki vyenye Wi-Fi, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti, na sensa ya mwendo, ambayo ni jicho la plastiki jeupe linaloona joto la mwili likipita, na utepe wa taa za LED. Mpango ulikuwa rahisi. Mgeni anasimama mlangoni, jicho linamwona, kibao cha mlangoni kinapeleka habari hewani, kibao cha ndani kinazipokea, taa inawaka mbele ya baba, baba anasema karibu. Hakuna atakayejua kwamba hasikii, hata yeye mwenyewe.

Ilinibidi nitumie betri. Umeme wetu una tabia zake, na zaidi ya hapo nyumba ni ya mawe na chokaa, na baba haruhusu ukuta wake utobolewe hata kwa msumari mmoja, yeye aliyeuza misumari maisha yake yote. Betri nilizitoa ndani ya laptop mbovu zilizolala kibandani. Sasa, kibao chenye Wi-Fi kikikaa macho kinakunywa betri kama ngamia, kwa hiyo siri yote ya kazi hii ni kukilaza usingizi na kukiamsha pale tu kinapohitajika.

Mara ya kwanza nililaza vyote viwili. Cha ndani nilikipangia kiamke kila baada ya dakika tatu, kiulize kama kuna habari, kilale tena. Nikatoka nje, nikasimama mlangoni, nikaingia ndani kuangalia. Giza. Nikaenda jikoni, nikanywa maji, nikaosha kikombe, nikarudi, nikakaa. Ndipo taa ikawaka kunikaribisha. Muungwana humaliza hodi zake tatu ndani ya dakika moja. Kwa mpango ule taa ingekuwa inampa baba habari za wageni walioshafika sokoni.

Mara ya pili nikasema kisilale kabisa. Kilikaa macho siku moja na nusu kikafa. Na hata siku hiyo moja kilikuwa hakisikii vizuri, maana kuta zetu ni nene hivi kwamba kwenye ukingo wa dirisha hulala paka watatu kwa mapana, na mawimbi ya ruta, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi, yakiingia ukutani hayatokezi upande wa pili.

Sitaki kusimulia majuma yaliyofuata. Nilipigana na wateja, nikamrudishia mtu simu isiyokuwa yake, nikaunguza kidole. Mwishoni nikaachana na ruta, nikavifundisha vile vibao kuongea vyenyewe kwa vyenyewe. Cha mlangoni hulala fofofo mpaka jicho likiamshe, kisha huita, na kurudia kuita mpaka kiitikiwe. Cha ndani hufungua sikio kidogo, hulifunga, hulifungua, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Nilikiweka dirishani pahali pasipo na jiwe. Kwa mtindo huo betri ilikwenda majuma na majuma, na taa iliwaka pale pale mtu alipotokea. Nilicheza peke yangu ukumbini.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Nilibandika utepe ukutani mkabala na kiti cha baba, nikamwelekeza kwa sauti kuu: "Baba! Hii ikiwaka, kuna mtu! Sema karibu!"

Akaitazama taa, akanitazama mimi. "Karibu," akasema, kwa upole kabisa. Nilifurahi nikambusu mkono.

Jumamosi moja niliamua kutofungua kibanda, nikae nyumbani nione kazi yangu ikifanya kazi. Nilikuwa nachambua mchele taa ilipowaka. "Karibu!" baba akasema. Akaingia kuku wa jirani. Baba akamtazama kuku, kuku akamtazama baba, akazunguka chumba kwa adabu na kutoka. Baada ya muda kidogo ikawaka tena. "Karibu, karibu," baba akasema, na safari hii akashika mikono yote miwili ya kiti, akanyanyuka kwa shida, akasimama wima kumpokea mgeni. Mgeni alikuwa beberu. Beberu hakuwahi kukaribishwa mahali maishani mwake, akaona hii ni bahati, akaingia moja kwa moja na kuanza kula ncha ya mkeka. Nilimfukuza na ungo, mchele ukamwagika ukumbi mzima.

Mchana huo baba alimkaribisha beberu mara nne zaidi. Alimkaribisha paka. Alizikaribisha kanga zangu mwenyewe nilizozianika kambani mbele ya mlango, ambazo zilipata joto la jua na kupepea mbele ya jicho kila upepo ulipovuma. "Karibu, karibu ndani," aliziambia kanga, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikaona haya.

Jirani naye akaja na malalamiko. "Shoga, sisemi kitu, lakini jana baba yako kamuuliza mbuzi wangu habari za nyumbani."

"Alimwuliza nani?"

"Mbuzi. Na kama shambani hawajambo."

Mtaani wakaanza kusema mzee ana wageni wasioonekana. Mimi nikawaka. Siku iliyofuata nikakaa kwenye baraza la jirani, daftari mkononi, kuangalia jicho linamwona nani na halimwoni nani. Dirisha letu lilikuwa wazi, na mlango wa chumba cha baba pia, taa naiona. Akapita mchuuzi wa beseni za plastiki, akasimama katikati ya mlango na kuchungulia mpaka uani: taa ikawaka. Akapita kijana wa kukusanya vyuma chakavu, akasimama katikati, akachungulia: ikawaka. Beberu: ikawaka. Kisha akaja sheikh wa mtaa wetu, mtu mzima, anakuja kumjulia hali baba. Akasimama ubavuni mwa mlango, mgongo ameuegemeza ukutani, uso ameuelekeza njiani, na akaanza, "Hodi..." Taa haikuwaka. Niliruka kichochoro kabla hajafika ya pili, nikamwingiza ndani mwenyewe kwa mkono, naye akashangaa kwa nini nahema.

Lo! Nilikaa barazani nikajipiga paji la uso. Mtu mwenye adabu hasimami katikati ya mlango wa watu. Husimama pembeni, asije akaona ya ndani kabla hajaruhusiwa. Hilo nimefunzwa kwa kufinywa sikio kabla sijajua kusoma. Lakini nilipotegesha jicho nilifuata video, na wale wa kwenye video husimama katikati ya mlango na kukodolea macho kitasa. Kwa hiyo nilikuwa nimetengeneza chombo kinachowapokea kuku, mbuzi na wasio na adabu, na kuwaacha waungwana wote nje. Ami, muungwana wa waungwana, angeweza kusimama pale mpaka azeeke upya.

Nikalihamisha jicho. Nililibandika ubavuni mwa mlango, chini ya dirisha, usawa wa kifua cha mtu, juu ya pembe za beberu. Kuanzia hapo lilifanya kazi bila kosa. Mtu mwema akisimama pembeni, taa hiyo. Beberu alipita akaja akapita, akatazama ndani kwa masikitiko, hakuna aliyemkaribisha.

Ila aliyetengenezewa yote hayo hakuwepo. Shaabani ikaisha. Ramadhani ikaingia, na miaka yote ami alikuwa akituletea muhogo wa futari, akafuturu nasi siku ya kwanza. Mwaka huu hakutokea. Baba alifungulia tende yake akitazama mlango, na alipomaliza kusali hakurudi kula. Siku ya Idi alivaa kanzu mpya, akakaa kwenye kiti chake tangu asubuhi mpaka adhana ya Adhuhuri. Taa iliwaka mara nyingi, watu walikuja wengi, na kila mara alinyoosha shingo, kisha akairudisha. Nilikwenda uani nikalia kwa hasira.

Juma lililofuata nikashuka Zinga. Ami nilimkuta chini ya michungwa yake anafunga magunia.

"Shikamoo ami."

Akainua uso, akafurahi. "Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

"Baba anakusalimu sana."

"Inshallah," akasema.

"Mbona umetuhama? Tumekukosea nini?"

"Inshallah."

"Machungwa mwaka huu yamekubali?"

"Inshallah, inshallah," akajibu, na kuendelea kufunga gunia.

Nikaona huyu mzee ananidharau. Amekasirika kiasi kwamba hataki hata kunijibu la machungwa. Hasira zikanipanda mpaka nikashindwa kusema, na mimi nikishindwa kusema ni jambo kubwa. Nikatoa kalamu, nikachukua kipande cha karatasi mkobani, nikaandika: "Ami, baba anakuomba uje Ijumaa baada ya Alasiri. Ana hamu na wewe." Ulikuwa uongo. Baba hakuniomba kitu. Ami akatafuta miwani mfukoni, akasoma, akasoma tena, akaikunja ile karatasi mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nitakuja," akasema.

Nilipofika barabarani ndipo woga ukanishika. Sasa atakuja kwa wito. Akipiga hodi zake tatu asijibiwe, safari hii atakuwa ameitwa na baba mwenyewe kwa maandishi, na kufungiwa mlango na baba mwenyewe. Baada ya hapo hapangekuwa na karatasi ya kumrudisha.

Ijumaa ile sikufungua kibanda. Nilibadilisha betri zote mbili ingawa zilikuwa nzima. Nilijaribu jicho mara kumi na tano. Nilimfunga beberu mwenyewe kwa kamba, nyumbani kwao, bila kuomba ruhusa. Baada ya Alasiri baba akakaa na sinia lake na vikombe vyake viwili, sikumwambia chochote, na mimi nikajificha nyuma ya pazia la jikoni kama mwizi, macho kwenye utepe wa taa.

Nikasikia kandambili kichochoroni. Zikasimama, mahali pake hasa, pembeni.

"Hodi," sauti ya ami ikasema.

"Karibu," baba akasema.

Kisha taa ikawaka.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kushangilia, mkono uko juu. Nikaushusha polepole. Nilijaribu kupanga upya yale niliyoyasikia na kuyaona, na kila nikiyapanga yalikuja kwa mfuatano ule ule: hodi, karibu, taa. Betri yangu mpya, usingizi wangu wa hesabu, vibao vyangu vinavyoongea, vyote vilifika baada ya mzee wa miaka themanini aliyeketi kwenye kiti.

"Hodi," ami akasema tena nje.

"Karibu!" baba akasema, kwa sauti zaidi. Alikuwa amekaza macho mlangoni, na uso wake ulikuwa unauma kuutazama.

"Hodi jamani."

"Karibu ndani! Pita!"

Kimya. Kisha kandambili, zinakwenda. Baba akakitazama kikombe cha pili. "Unaona?" akasema, hata sijui alijuaje kwamba niko nyuma ya pazia. "Anakuja mpaka mlangoni kwangu, namkaribisha, anageuka. Ijumaa zote zile ndivyo alivyonifanyia."

Nilitoka mbio, sikuvaa hata viatu. Ami alikuwa ameshafika kwenye kona, kikapu mkononi. "Ami!" nikaita. Hakugeuka. "Ami!" Nikaita kwa sauti ile ile niliyokuwa nikimwitia baba, mtaa mzima ukatoa vichwa madirishani, naye akaendelea na njia. Bodaboda ikaja nyuma yake inapiga honi, inapiga honi, dereva anatukana, na ami akawa anatembea katikati ya njia kwa utulivu wake, hana habari. Hapo nikaelewa. Nilielewa haloo zote na inshallah zote. Nikamkimbilia, nikamshika mkono wa kanzu, akashtuka, akanitazama.

"Amenifungia tena," akasema.

Nikamkokota. Sikueleza, maana ningemweleza nani? Nikamwingiza kwa nguvu mpaka ndani, nikamkalisha.

"Nimepiga hodi wee!" ami akamfokea baba, kwa sauti ya mtu aliye shamba la pili. "Unaniandikia barua nije, halafu hunijibu!"

"Nimekujibu mara tatu," baba akasema.

"Usinong'one! Sema kama mwanamume!"

Baba akamtazama. Niliona jambo linampitia usoni, polepole, na lilipokwisha kupita alionekana mdogo kwa miaka kumi. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akamwinamia, akaweka mdomo kwenye sikio la rafiki yake na kupiga kelele ambayo sikujua kama bado anayo:

"Karibu!"

"Ahsante," ami akasema, ameridhika. "Nimeshakaribia." Akachukua kikombe chake, akaanza kusimulia habari za nguruwe pori waliomwingilia kwenye muhogo, tangu mwanzo, bila kuacha hata mmoja. Siku hizi baba hutoka mwenyewe kila Ijumaa, akamsubiri barazani, na wakionana tu hushikana mikono, hodi hazipigwi tena.

Lakini siku ile, ami akiwa bado na nguruwe wake wa tatu, mimi nilikaa mkekani karibu na kiti cha baba. Nikasema kwa sauti ya chini, ya kawaida, ambayo sikuwa nimeitumia naye kwa muda mrefu, "Baba, kumbe unasikia."

"Nani kakwambia sisikii?"

"Nikikuita huitiki."

"Huniiti wewe. Unanigombeza. Unaanzia mlangoni: baba dawa, baba hujala, baba mbona redio iko chini. Nikaona nikinyamaza utachoka." Akafikiri. "Hukuchoka."

"Na mbuzi je? Kwa nini ulikuwa unamkaribisha mbuzi?"

Akatabasamu kidogo. "Ulikuwa na furaha. Siku zile za taa uliongea na mimi vizuri."

Nikatazama chini. Kichwani yalikuwa yanakuja yote niliyoyasema ndani ya chumba kile tangu nilipoamua kwamba baba ni kiziwi. Nilikuwa nikimpigia simu dada yangu aliyeko Dar nikiwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwenye kiti chake, nakunja nguo, nasema ninachotaka. Nimesema nimechoka. Nimesema nyumba hii imenifunga kamba. Jioni moja nilisema Mungu anisamehe, lakini siku mzee atakapokwenda nitapumzika. Baba alikuwa amefumba macho, na mimi nilidhani amelala.

Nilipoinua uso alikuwa ananitazama, na alijua nimefika wapi.

"Hata hilo," akasema. "Na mimi nilishawahi kuwa na baba mzee, mwanangu. Nalijua."

Ami alikuwa amefika kwenye mbwa wa jirani yake. Nilikuwa nimesoma lugha ya vibao, nimekwenda mpaka Kariakoo, nimepasua laptop za watu, na katika miezi yote ile sikuwa nimemwuliza baba yangu swali hata moja. Nikajifuta pua.

"Baba," nikasema, "unataka nikufanyie nini?"

Hakufikiri sana. Alikuwa na jibu tayari.

"Iondoe hiyo taa," akasema. "Tangu Rajabu inaniumiza macho."

Nikaleta stuli, nikapanda, nikaanza kuubandua ule utepe, na sikuwa naona vizuri kwa sababu nilikuwa nalia. Stuli ikayumba. Baba akanyanyuka kwa magoti yake yale, akaja akanishikia.